Neno la Mzee wa Chokaa

Nianze na hili ili nisionekane mnafiki huko mbele: yule mzee bado nina hasira naye. Nimejaribu kumsamehe kwa sala na kwa funga, nimejaribu hata kumsahau, vyote vimenishinda. Ukiwatajia watu tuliokaa nao Okolona, mtaa mmoja wa Louisville hapa Marekani, watakwambia alikuwa mtu mwema, mtu wa kujitolea, mtu wa watu. Sibishi. Alikuwa mwema kweli, na wema wake ndio unaonikera mpaka leo.

Alikozaliwa na ukoo wake waulizwe ndugu zake, mimi nilimjulia kazini. Alitunza uwanja wa besiboli wa chuo kimoja upande wa kusini wa Louisville. Alikata nyasi, alimwagilia udongo usitimke vumbi, na siku za mechi alisukuma kigari cha chokaa akichora ile mistari myeupe ambayo wachezaji huikimbilia pembeni. Jioni akitoka huko alikuja kwenye uwanja wa mtaani kwetu kuwasimamia vijana wetu, wengi wao watoto wa Wakongo, Warundi wawili watatu, na mwanangu Idi, peke yake kutoka Kigoma. Vijana walimwita Kocha. Sisi wazazi tulimwita Mzee wa Chokaa, kwa sababu viatu vyake havikuwahi kuonekana na rangi nyingine.

Kocha gani, sasa, asiyejua kurusha mpira? Miaka yote ile sikumwona hata siku moja akiushika isipokuwa kuuokota. Mchezo wenyewe aliuita mupira ya fimbo. Ukimuuliza kwa nini fulani ametolewa na fulani amerudishwa, anakuelekeza ukawaulize watoto. Kurusha na kupiga walifundishwa na kijana mmoja wa Kimarekani aliyekuwa mwalimu wa michezo shuleni kwao. Mzee alifundisha alichokisikia, basi.

Na alikuwa amesikia mengi. Watu wa vyuo wanaotafuta vijana wa kuwapa nafasi za masomo kwa ajili ya mchezo walikuja mara kwa mara kwenye ule uwanja aliokuwa akiutunza. Walikaa nyuma ya wavu na viti vyao vya kukunja na kidude chao cha kupimia kasi ya mpira, wakaongea. Hakuna mtu anayepunguza sauti kwa sababu ya mzee mweusi mwenye mpira wa maji mkononi. Kwa miaka alimwagilia udongo akiwasikiliza, na Kiingereza alichokishika kwanza katika nchi hii kilikuwa kile cha kuwakataa watoto wa watu.

Alirudi kwetu na habari hizo kama mtu aliyeiba mtihani. Alitukusanya siku moja, wazazi na vijana, akasema, "Bon, musikilize. Bale bantu habaangalie mupira. Kupiga mupira batoto bengi banajua. Banaangalia vile mutoto anarudi kukaa kama amekosa." Tulicheka. Hakuwa anatania.

Kesho yake akaanzisha zoezi ambalo sijaliona kwingine. Kila kijana alisimama mahali pa mpigaji, akazungusha gongo mara tatu hewani bila mpira wowote, akahesabiwa amekosa, akatakiwa arudi benchi. Arudi vipi, hapo ndipo palipokuwa na somo. Asiburute miguu. Asimwangalie mwamuzi. Gongo aliweke chini taratibu, kofia ngumu aiweke juu ya gongo, akae, kisha ampigie makofi anayefuata. Aliyenuna alirudia. Idi wangu alirudia mara kumi na moja siku ya kwanza, machozi yanamlengalenga. Wapita njia walisimama kwenye uzio wakishangaa timu inayofanya mazoezi ya kushindwa.

Alikuwa na mengine. Mpira ukipigwa vibaya na unajua kabisa utatolewa, kimbia vilevile kama vile utafika. Mwalimu akikukaripia, mwangalie usoni, hata kama nyumbani tumekufundisha kuinamisha kichwa. Hilo lilitugawa wazazi nusu kwa nusu. Maganda ya mbegu za alizeti, ambazo wachezaji wa mchezo ule hutafuna kutwa nzima, usiyateme chini, kwa sababu kuna mtu atakayeyazoa. Hili alilisema kwa uchungu wa kweli, maana mtu huyo alikuwa yeye. Na kila Jumamosi alimpa kijana mmoja, Samweli, kazi ya kuwasomea wenzake kwa sauti yale waliyoandika kwenye simu zao wiki ile. Mmoja alikuwa amemkejeli mwalimu wake wa hesabu. Mzee alimtuma Jumatatu akamwombe radhi, naye alikwenda.

Usidhani basi alikuwa mtu mpole. Yeye mwenyewe alikuwa na hasira za karibu sana. Kanyaga mstari wake wa chokaa uone. Nilimwona siku moja akimfokea msaidizi wa kocha wa chuo, Mmarekani mwenye mwili mara mbili yake, kwa sababu alipita na baiskeli juu ya mstari ambao haukuwa umekauka. Baba mmoja wa Kikongo, Papa Neema, aligombana naye saa nzima kuhusu nani akae mbele ya gari. Nikamuuliza, mzee, hao watu wa vyuo wangekuona leo ingekuwaje? Akanijibu kwamba yeye hakuna atakayempa masomo, kwa hiyo ana ruhusa ya kukasirika. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Shikamoo zangu nazo alizipokea miaka yote kwa kusema "Asante, mama", na nikimkumbusha kuwa jibu ni marahaba anasema yeye si mfalme.

Kitu alichojivunia zaidi ya chokaa kilikuwa neno lake. Ilianza kidogo kidogo. Mtu mmoja wa chuo alimwona akiwa na vijana wetu kwenye mashindano, akamfuata na kikombe cha kahawa, akamuuliza kati ya wale yupi ana tabia nzuri. Mzee akamwambia. Aliyemtaja akachukuliwa, akafanya vizuri, akawa kijana wa kuonyeshwa wageni. Mwaka uliofuata wakaja wawili na kahawa mbili. Mzee hakuwapamba watoto wetu. Akiulizwa juu ya mvivu alisema mvivu. Papa Neema alimlaumu kwamba hajui kuuza, naye akasema siku atakayowadanganya mara moja hawatamuuliza tena, na wote waliobaki watakuwa wameumia. Niliona ana akili sana. Nilimsifia mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

Lakini tuseme ukweli kuhusu hao wa kahawa. Niliwatazama na mimi, ingawa sikuwa na mpira wa maji. Kijana wao akivunja gongo kwa hasira walisema ana moto wa ushindi. Wetu akitupa glavu chini walisema ana shida ya hasira. Wao wakimjibu mwamuzi ni kujiamini, wetu wakimjibu ni utovu wa nidhamu, na wakinyamaza ni kwamba hawana hamu ya mchezo. Watoto wetu walitakiwa wawe malaika wenye mkono wa kurusha mpira. Na sisi, kwa shida zetu, tukakubali. Tukawafundisha watoto kushindwa kwa adabu mbele ya watu ambao hawajawahi kuombwa adabu hiyo. Nikikumbuka yale machozi ya Idi ya siku ya kwanza damu inanichemka.

Sasa nifike Columbus, Ohio. Idi alikuwa na miaka kumi na saba. Kulikuwa na mashindano ya siku mbili, na chuo kimoja cha Ohio kilikuwa kimeshampigia mwalimu wake simu mara mbili. Nafasi yenyewe ilikuwa ya masomo ya miaka minne, malazi na vitabu. Mimi ni mjane ninayefua mashuka ya hospitali. Kwa mtoto wangu hakukuwa na mlango mwingine uliokuwa wazi kiasi kile, na sote tulijua, yeye, mimi na mzee.

Idi alicheza vizuri siku zote mbili. Alikosa mara moja tu, na alirudi benchi kama alivyofundishwa, nikamwona yule mtu wa chuo akiandika kitu na kutikisa kichwa kukubali. Mechi ikaisha. Wakatoka wanakuja upande wetu, kila mmoja na begi lake, na yale mabegi ni makubwa, kuna gongo, kofia ngumu, viatu, glavu, maji. Nikamwona mwanangu anakuja ameinama kwa mzigo.

Kwetu mtu akija na mzigo unampokea. Hungoji akuombe na huangalii ni mkubwa au mdogo. Ukibaki umekaa unamtazama anavyotweta, huna malezi. Mwili wangu uliondoka wenyewe. Nilishuka jukwaani nikikimbia na kanga yangu, nikamvua lile begi begani, nikalibeba kichwani, yeye akatembea mbele mikono mitupu akifungua chupa ya soda. Nilipoinua macho nikamwona mtu wa chuo ananitazama. Pembeni yake Mzee wa Chokaa alikuwa amefumba macho.

Nilikuja kujua baadaye kwamba mzee alishawaonya akina mama wasiwabebee watoto mabegi, kwamba hicho ni kitu cha kwanza wanachokiangalia wale watu, kama mtoto anamfanya mama yake mpagazi. Aliwaambia Jumapili moja baada ya ibada, kanisani kwao. Mimi ni Mwislamu, Jumapili yangu niko kwenye mashuka. Hakuna aliyekumbuka kunifikishia.

Simu ya chuo haikuja. Wiki tatu nilikaa naitazama. Nikamfuata mzee uwanjani, nikamuuliza kulikoni. Alikuwa anajaza kigari chake, hakuniangalia. Akasema, "Mama Idi, ni ile begi." Kisha akasema nisijilaumu. Ungefanyaje usijilaumu? Nilirudi nyumbani nikamwomba mwanangu msamaha nimepiga magoti kwenye zulia, mimi niliyemzaa. Akaniambia, kwa Kiingereza, niache tu. Nikaona ni ukarimu wake.

Tulihamia Columbus mwaka huohuo, kwa dada yangu pale Linden, baadaye tukapata chumba na sebule chetu. Idi aliacha mchezo. Sasa hivi anapakia masanduku kwenye ghala upande wa Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, na mgongo wake umeanza kumsumbua akiwa na miaka ishirini na moja. Si mtoto mbaya. Ananipeleka kazini na kunirudisha, hanywi, anamtumia bibi yake fedha Kigoma. Lakini besiboli ikitokea kwenye televisheni anatoka chumbani. Na mimi kila nilipomwona anavyojinyoosha kiuno asubuhi nilijiambia, ni kanga yako hiyo, ni mbio zako zile.

Miaka minne nililibeba hilo.

Mwaka huu, majira ya kuchipua, Samweli alikuja Columbus na timu ya chuo chake. Yule yule aliyekuwa akisoma simu za wenzake. Tulimwalika chakula, akala vizuri, akawa anakumbusha mambo ya Okolona. Katika kucheka akasema jambo ambalo alidhani tunalijua siku nyingi. Alisema yule mtu wa Ohio alimuuliza mzee juu ya vijana wetu watano, na mzee alisema ndiyo kwa wanne na hapana kwa Idi. Samweli alikuwepo, alikuwa anakalimani pale Kiingereza cha mzee kilipokwama. Nikamuuliza ilikuwa lini. Akasema asubuhi ya siku ya pili, kabla ya mechi ya mwisho. Yaani kabla ya begi.

Idi aliweka kijiko chini. Sikuangalia uso wake, nilikuwa naangalia hesabu yangu ya miaka minne.

Mzee alikuwa ameshastaafu, amehamia Buffalo kwa binti yake Furaha. Nilimwambia Idi aombe ruhusa kazini Jumamosi. Tuliendesha kwa saa tano. Njia nzima nilipanga maneno, na mengine siyaandiki hapa.

Alikuwa mezani jikoni anachambua maharage kwenye sinia. Amekonda. Viatu vyake vilikuwa vyeusi, nikaviona vigeni. Nilimwamkia kwa sababu nimelelewa, akasema "Asante, mama", akamtazama Idi muda mrefu kisha akaendelea na maharage. Furaha alituonyesha viti, akahisi hali ya hewa, akaenda sebuleni.

Sikuzunguka. Nilimuuliza kama ni kweli alisema hapana juu ya mwanangu. Akasema ni kweli. Nikamuuliza na begi je?

"Begi ilikuwa ya kukutuliza, mama," akasema. "Ulikuwa umeisha kuibeba mbele ya ule mutu, nikasema ni ile."

Huyu ndiye mtu wa neno. Huyu ndiye aliyekataa kumdanganya mgeni wa kahawa hata kwa faida ya watoto wetu. Ukweli alimpa yule, uongo akanipa mimi, na akaniona nikiuvaa, akaniaga nikiwa nimeuvaa naenda nao Columbus. Nilimwambia yote hayo, na sauti yangu haikuwa ya ugenini. Nikamuuliza Idi alimkosea nini. Alikutukana? Alikuibia? Alikanyaga mstari wako?

"Miye hakunikosea," akasema. Akasukuma sinia pembeni. "Yeye njo anajua."

Idi alikuwa amesimama karibu na friji. Nilidhani atakana, na nilikuwa tayari kumwamini. Alianza kwa Kiingereza, akaacha, akaanza upya kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Alisema kuna siku, Louisville, niliwapelekea chapati uwanjani. Nilikuwa nimetoka kazini na ile sare yangu ya kijivu. Walikuwa wanacheza mechi ya kirafiki na vijana wa shule nyingine, wenye wazazi wenye magari. Mmoja akamuuliza yule mwanamke ni nani.

"Nikasema sikujui," Idi akaniambia. "Nikasema wewe ni mtu wa usafi wa shule, unapitaga tu. Wakacheka. Na mimi nikacheka."

Niliikumbuka siku ile. Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha mashuka na mashine. Niliwaona wanacheka nikadhani wamefurahia chapati, na mimi nikacheka nao, nikawapungia mkono.

Mzee alisema yule mtu wa chuo hakumuuliza juu ya mpira. Alimuuliza kama huyu kijana anaheshimu watu. Akaona ile siku mbele ya macho yake, maana alikuwa nyuma ya wavu akisikia, ulimi ukakataa kusema ndiyo. Alisema mimi alinionea huruma, aliona heri nidhani kosa ni la kanga yangu kuliko nijue mtoto wangu alinikana. Alisema hayo taratibu, bila kujitetea sana, kama mtu ambaye amekaa nayo.

Ninajua kuna watakaosema alifanya haki. Wengine mtasema Idi alivuna alichopanda. Mtoto wa miaka kumi na saba, mbele ya wenzake, akaona aibu ya sare ya mama yake. Nionyesheni ambaye hakuwahi. Wale vijana wa wazazi wenye magari waliwajibu mama zao vibaya kuliko hivyo kila siku palepale uwanjani, na hakukuwa na mzee nyuma ya wavu wa kuwashtaki.

"Aliyekanwa ni mimi, mzee," nikamwambia. "Si wewe, si chuo, si Ohio. Kosa lile lilikuwa langu kulisamehe. Ungenipa siku ileile ningelia, ningemsema mpaka masikio yamuume, na yangeisha."

"Nilifikiri utavunjika, mama."

"Yule mgeni alikuuliza, ukamjibu. Mimi nilikuwa nimekaa jukwaani, hatua ishirini kutoka kwako. Mbona hukuniuliza mimi?"

Akavuta tena sinia lake la maharage. Nilikuwa nimesafiri saa tano kwa ajili ya jibu hilo, nikampa nafasi yote aliyohitaji, na hakuwa nalo.

Nikamuaga Furaha, tukatoka. Idi alitangulia kunifungulia mlango wa gari, akasimama pale ameushika, analia bila sauti, mwanamume mzima na ndevu zake. Nikamshika mkono nikamwambia yameisha, nimemsamehe. Na yalikuwa yameisha kweli, nilijikagua nikaona hayapo. Kutoka mlango wa mzee hadi garini hazifiki hatua kumi na tano, chache kuliko zile ishirini ambazo mzee hakuzitembea kuja kuniuliza.